Mgeni Asiyejulikana Nyalenda

Kila Jumapili baada ya ibada, Nakhungu hubadilisha kitambaa cha kichwani, huchukua kipaza sauti chake na kushuka kutoka mtaa wa Kaloleni, Kisumu, hadi Nyalenda. Huko, katika banda la video la Wesonga, wanamwita Mama DJ. Siku nyingine za wiki anauza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayokaangwa mpaka ikakauka vizuri. Lakini saa ile moja ya Jumapili ndiyo anayoiwaza tangu Jumatatu.

Kazi yake ni kutafsiri. Wesonga huweka kwenye skrini vipindi vya zamani vya vichekesho, vya picha nyeusi na nyeupe, vilivyorekodiwa ng'ambo zaidi ya nusu karne iliyopita. Nakhungu huongea juu yavyo kwa Kiswahili kilichotiwa Kijaluo. Vipindi vyote vina mpango mmoja. Mwenyeji aliyebanwa na suti hutoka nyuma ya pazia na kutania watu, wasichana hucheza ngoma, kisha mgeni maarufu wa wiki huingia. Wanaimba pamoja, wanamwagiana maji, wanaagana.

Kazi hiyo aliianza utotoni bila kujua. Ukumbi wa mtaa wa Kaloleni ulikuwa na televisheni moja ya wakazi wote, imefungiwa ndani ya kabati la mbao. Mamake, mtu wa Bunyala ambaye hakupata kusoma, alimketisha kando yake.

"Anasema nini huyo?" aliuliza kila mara watu wa kwenye televisheni walipocheka.

Nakhungu alieleza alichoelewa, na pale Kiingereza kilipomshinda, alibuni. Mamake aliyacheka zaidi yale ya kubuni. Akina mama wengine wakaanza kusogeza viti. Alipofika darasa la saba, nusu ya ukumbi ilikuwa ikimsikiliza yeye na kuisahau televisheni. Baadaye aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akasimama miaka mingi mbele ya karai la mafuta moto. Hakupata tena watu wa kuwaeleza kitu mpaka mpwa wake Valarie alipompakulia vipindi vile kwenye flashi na kumpeleka kwa Wesonga.

Utani ulipokelewa vizuri. Shida ilikuwa mgeni.

Mgeni akiingia, watu wa kwenye skrini huinuka na kupiga makofi mpaka mwenyeji awasihi wakae. Nyalenda nayo hunyamaza. Mzungu mwenye kofia anainama kushukuru, na kwenye mabenchi hakuna anayemjua. Hapo watu hutoka kununua njugu, na wengi hawarudi. Nakhungu aliwahi kujaribu dawa moja: alimpa mgeni mmoja, mpiga tarumbeta, jina la mbunge.

"Uongo!" mtu alipaza sauti. "Mbunge tunamjua, hana shingo!"

Wakacheka, kisha wakatoka vilevile.

"Mama DJ, mgeni wako anafukuza watu," Wesonga alimwambia Jumapili moja akipanga mabenchi. "Vijana wanataka kutazama mpira saa hiyo. Wiki ijayo benchi zikibaki tupu tena, nitawapa. Usinikasirikie."

"Nikukasirikie na sura hiyo? Wewe umeshaadhibiwa."

Alitoka akitabasamu, lakini alipofika nyumbani chakula kilimshinda. Alijiona amerudi kwenye karai, bila mtu wa kumuuliza huyo anasema nini.

Katikati ya wiki alikuja Odongo, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye hakosi bandani hata Jumapili moja. Alipokuwa akichagua kipande chake, Nakhungu alimkabili.

"Wewe Odongo, mbona mgeni akiingia unatoka?"

"Nikae nimpigie makofi? En ja kanye?" Yaani, huyo ni mtu wa wapi? "Mtu anaingia kwa watu na hasemi kwao ni wapi, hasemi shemeji zake ni nani. Anainama tu kama amepoteza sindano!"

Nakhungu aligeuza samaki polepole. Kumbe Odongo hakuhitaji kumjua mgeni. Alihitaji mgeni ajitaje. Katika vilabu vya muziki vya Kisumu, Nakhungu alikuwa ameona mara nyingi ule mtindo wa Waluo uitwao pakruok: mtu anasimamisha bendi ili ajisifu, awasifu shemeji zake, na hata ng'ombe wa babake asiwaache nyuma. Na yale makofi marefu ya kwenye skrini, aliyoyachukia kwa sababu hayana neno la kutafsiri, yalikuwa na nafasi tele.

"Mama, unaniunguzia samaki," Odongo alisema.

Jumapili ilipofika, vijana wa mpira walikuwa wameshajipanga mlangoni na jezi zao. Wesonga aliketi mbele, rimoti mkononi. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mwimbaji, mwanamke mnene mwenye manyoya shingoni. Alitokea pazia lilipofunguliwa, makofi yakalipuka, akaanza kuinama. Odongo akainuka kwenye benchi.

Nakhungu alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Simamisha ngoma! Mimi ndimi Akinyi nyar Yimbo, binti wa Yimbo! Nilizaliwa alfajiri, samaki wakaja wenyewe ufuoni kunitazama! Hii shingoni msidhani ni nguo, ni fisi aliyemkosea baba yangu! Nimeolewa Uyoma, na shemeji zangu wakikohoa, matajiri wote wa Milimani hufunga madirisha!"

Kicheko kilipiga mabati. Kwenye skrini mwanamke akainama tena, kana kwamba anakubali kila neno. Odongo alikuwa bado amesimama, lakini sasa uso wake ulielekea skrini.

"Simamisha!" aliita. "Na mimi ndimi Odongo ja Uyoma, shemeji mwenyewe! Mimi niliyevuta meli kwa meno winchi ilipoharibika! Akinyi, karibu nyumbani, na uwaambie wazee wa Yimbo ng'ombe wao wa mahari wako njiani!"

"Njiani tangu lini?" mama mmoja alidakia.

"Wanatembea pole, wamenona!"

Mwimbaji alikuwa ameanza kuimba, na hakuna aliyemsikia. "Wesonga, msimamishe!" Nakhungu alisema. Rimoti ikabofywa, mwanamke akabaki mdomo wazi, mikono hewani, akiwangoja. Mama aliyedakia akajitaja kwao ni Asembo. Kijana wa jezi akajipenyeza kutoka mlangoni akidai yeye pia ni wa Uyoma, na kwamba Odongo hajawahi kuvuta hata mtumbwi.

"Wesonga, mpira umeanza!" mwenzake aliita kutoka nje.

Wesonga aliitazama rimoti, akayatazama mabenchi. Hakukuwa na pengo hata moja.

"Mpira utachezwa tena wiki ijayo," alisema. "Mwache shemeji wa watu amalize salamu."

Kesho yake, ubao wa banda uliandikwa kwa chaki: Jumapili vichekesho na Mama DJ, mgeni atajitaja mwenyewe. Nakhungu aliusoma akipita na beseni lake la samaki, akausoma tena, kisha akaendelea na safari akiwaza mgeni anayefuata. Valarie alikuwa amemwonyesha: bwana mmoja mwenye masharubu, na mbwa anayepiga piano. Huyo bwana hakumtia wasiwasi. Angemfanya mtu wa Budalang'i na mambo yakaisha. Kazi ilikuwa kwa mbwa. Mpaka anawasha jiko lake alikuwa bado hajaamua kwao ni wapi.