Kaseti ya Pili Ilikuwa Beni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ile ya vita, wakati vijana wa rika langu walikimbilia Uganda, au msituni, au Kasindi mpakani kupakua malori, mimi nilikuwa Butembo kwenye kigoda kile kile nyuma ya jiko la mama. Dada yangu mdogo alikuwa akisema siku waasi watakapokuja kupora viti, watanibeba na kiti changu bila kujua kama kuna mtu juu. Diploma yangu ya sekondari ilitundikwa ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na zote mbili zilikuwa zinanitazama nikikaa.

Mahali pekee nilipokwenda ni ku video, kwa sababu ukumbi wa video ulipakana na ua wetu, na kwa hesabu yangu hapo bado ni nyumbani. Mwenye ukumbi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Akienda Kasindi kuchukua mizigo yake, alirudi pia na kaseti. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Mimi nilisoma Kiingereza kidogo shuleni, kiasi cha kujua salamu na rangi, basi akanipa fimbo nisimame kando ya televisheni nifasiri. Nilichokielewa nilikifasiri. Kilichobaki nilikitunga.

Watu walipenda sana filamu za laana. Za ngumi zilijaza mabenchi ya mbele. Za laana zilijaza mpaka dirishani. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikagundua kwamba zote ni filamu moja inayobadilisha nguo. Familia inahamia nyumba kubwa kuliko watu wake. Ndani kuna kitu kilichoachwa na waliotangulia, na mama wa nyumba anakipenda. Mbwa anakataa kuingia. Bomba la maji linalia. Mmoja anaona jambo, wengine wanamwambia alale. Halafu anakufa yule aliyecheka. Nilikuwa nanyoosha fimbo mapema: “Huyu munamuona anacheka? Mumuage.” Kweli, baada ya muda kidogo anaanguka kwenye ngazi, na ukumbi mzima unaniita Professeur.

Filamu iliyoniharibia jina ilikuwa ya kitana. Mwanamke anahamia nyumba mpya, anakuta kitana cha mfupa kwenye droo, anachana nywele. Mambo yanafuata njia yake ninayoijua. Anakufa wifi yake, anakufa mtumishi, yule mwanamke anakitupa kitana mtoni, na asubuhi kiko kwenye droo. Anahama nyumba, kitana kinahama naye. Mwisho mlango unagongwa, yeye anageuka kutazama, na kaseti inaisha.

Ilikuwa filamu ndefu, ya kaseti mbili. Mwenye ukumbi aliinunua pamoja na mwenzake wa Beni, kila mmoja akachukua kaseti yake, wabadilishane juma linalofuata. Lakini kati yetu na Beni barabara ilikuwa ya mwenye bunduki wa siku ile, na juma lile likageuka msimu mzima. Watu waliuliza mwendelezo, “Na suite?” Mwenye ukumbi alijibu, “Suite iko Beni.” Waliponigeukia mimi, niliona aibu kukaa na fimbo mkononi bila jibu. Nikawaambia: hakuna anayetoka. Laana ya nyumba haiachi mpaka imalize wanawake wote. Nililisema kwa sauti ya mtu aliyeandika filamu mwenyewe.

Wakati huo huo dada yangu alikuwa amepata mchumba. Dereva wa lori, mtu wa Beni, kwao Mulekera, aliyekwama mjini kwetu barabara ilipofungwa. Mkatoliki, mpole, anayepiga honi mara moja tu akifika kwetu. Ila alikuwa mjane, na katika ua ule ule mke wa kaka yake naye alikuwa amefariki. Mama yangu hakuwahi kukanyaga ku video, lakini majirani walimletea mafundisho yangu mpaka sokoni, kwenye mafungu yake ya maharagwe. Akaniita.

“Professeur, kuja hapa. Ile nyumba ilisha kula babibi wawili. Mu film inakuwaka aje?”

“Mama, film ni film.”

“Hapana unijibu vile. Batu bote wa quartier banasema weye njo ulisema. Wanawake banaisha, ao hapana?”

Dada yangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Kwetu kaka mkubwa naye huitwa yaya. “Sema tu, yaya. Sema na mbele yangu.”

Nikakohoa. Nikasema kwamba, kufuatana na film, donc kufuatana na film tu, ndiyo.

Mama akasema basi, yule dereva asilete mbuzi. Kwetu mbuzi wakishaingia uani, wakapokelewa na wajomba, neno limekwisha. Kwa hiyo kukataza mbuzi ni kukataza ndoa. Dada yangu aliweka ungo chini polepole. Hakulia. Alilia kesho yake, akidhani moshi unamficha, na mimi niko kwenye kigoda changu, nafikiri nitajifanya nimelala.

Jioni akanijia. “Yaya, weye njo uliifunga, weye njo utafungula. Barabara inapita sasa. Uende Beni, ukaone ile nyumba na macho yako.”

“Mimi? Beni?”

“Hakuna mutu anakuloga mu njia. Bachawi bako na kazi ya maana.”

Nikaenda. Nilipanda juu ya mifuko ya chumvi kwenye lori, na nilibeba mto wangu wa kulalia, maana siwezi kulala kwenye mto wa mtu mwingine. Ni udhaifu, ninaujua. Kwenye kizuizi cha Kalunguta mwanajeshi alitushusha wote, akaupapasa ule mto mpaka pembe zote, akitafuta bunduki au fedha. Alipokosa alinitazama kwa huruma. “Vieux, uko nakimbia vita ao uko natafuta fasi ya kulala?” Lori zima likacheka. Nilibaki nacheka pia, ni bei nafuu kuliko nyingine.

Kule Mulekera mama wa yule dereva alinipokea vizuri, lakini aliuangalia mto wangu kwa jicho ambalo sikulielewa. Kulikuwa na mama mwingine mzee pale, anayetwanga sombe ya majani ya muhogo, aliyenisalimia bila kusimamisha mchi. Nikaanza kazi yangu. Nilitazama nyumba: vyumba vichache, watu wengi, hakuna droo hata moja. Mbwa alikuwa amelala katikati ya mlango, na kila mtu alimruka.

“Papa,” mama wa dereva akasema, “uko natafuta nini mu nyumba yangu?”

Sikuwa na uongo tayari. Nikamweleza yote: kitana, kaseti, mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka kwa tumbo, bila sauti.

“Ile film tuliona,” akasema. “Hapa inaanzaka na mugeni. Mulango unagongwa, mugeni anaingia na sakoshi ya nguo, na kisha batu banaanza kufa. Tukasema, kumbe mugeni njo analetaka laana. Nilimuambia mutoto yangu: ule binti wa Butembo unaleta hapa, unajua anatoka na nini? Kisha sasa nakuona weye mu mulango, na mto.”

Basi tukakaa jikoni, yeye akichambua maharagwe, tukaiunga filamu. Mimi nilitoa mwanzo, yeye akatoa mwisho. Mgeni wa kaseti ya pili ni yule anayegonga mlango kwenye ya kwanza, padre mzee aliyeitwa kusaidia. Beni walikuwa wamemchukia muda wote bure.

“Na mwisho?” nikauliza. “Banatoka?”

“Hakuna mutu anatoka. Wote banaisha. Kisha benye nyumba wapya banafika na mizigo, binti anafungula droo, anacheka.”

Kwa hiyo nilikuwa nimebahatisha. Nilihisi fahari kidogo, halafu nikakumbuka kilichonileta.

Yeye akaendelea kuchambua maharagwe. “Lakini ile film iko na kitu kimoja. Uliona jirani?”

Nikafikiri. Sikuwa nimeona.

“Ulisema wifi anakufa, na hakuna mutu analala ku matanga. Hakuna shangazi, hakuna mutu wa kanisa, hata wa kuuliza. Bakishamuzika, kesho banabaki bao tu na kitana. Njo sababu laana inabaweza.”

Nikaona ni kweli. Mambo yale yote yanahitaji nyumba tupu. Ukiileta filamu ile kwetu, baada ya kifo cha kwanza ua umejaa watu wanaolala chini, kila shangazi amechana nywele kwa kile kitana, mmoja ameondoka nacho, na laana imepotea njia kati ya vijiji.

Akaniambia pia jinsi wale wanawake wawili walivyokufa, bila mimi kumuuliza. Wa kwanza, mke wa dereva, uchungu wa kuzaa ulimshika siku barabara ya hospitali imefungwa kwa risasi. Wa pili ni homa, walipokuwa wamekimbilia porini. “Ni vita ilikuwa,” akasema, kama mtu anayetaja mvua. Nikahesabu moyoni waliokufa kwetu miaka ile. Kama ni hivyo, hata sisi hatufai kuolewa.

Chakula kikaja, bugali na sombe. Nikamsifu yule mama mzee aliyetwanga. Mama wa dereva akasema, “Ule ni mama ya marehemu. Wa kwanza. Anakujaka hapa kuona bajukuu, na akikuja hapana anakubali mutu mwingine apike.”

Nililala vizuri usiku ule. Asubuhi nilikimbilia lori linaloondoka, mto nikausahau.

Mama yangu alinisubiri kwenye kigoda changu, nilibaki nimesimama. Nilianza na padre, na droo, na kaseti ya pili. Akanikatiza kwa mkono.

“Ile nyumba. Ulikuta nani?”

“Mama ya bibi wa kwanza. Alinipikia.”

“Mama ya marehemu anapikaka kwabo?”

“Anapika. Chumvi anazidisha.”

Mama akavuta kitambaa cha kichwani. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo mtupu.

“Hakuna mama anapikaka mu nyumba ilikula mutoto yake. Balete mbuzi,” mama akasema. “Na ule alipika, naye akuje.”

Walikuja wote na lori, mbuzi nyuma, yule mama mzee mbele karibu na dereva. Kaseti ya pili ilikuja pia. Tuliionyesha Jumapili, na watu walinilaumu mimi kwa ule mwisho. Mto wangu haukuja. Dada yangu alisema atautunza kule, nikiutaka niufuate. Amekuwa na mimi hivyo hivyo tangu utotoni. Kila mwaka nakwenda kuulalia siku chache, halafu narudi.