Ukuta Mweupe wa Kalinga

Mwaka ule wa hamsini na sita, nyumba iliyong'aa kuliko zote katika kambi ya wajenzi pale Ipogolo ilikuwa ya Joachim Kalinga. Weupe wake aliubeba mwenyewe kichwani, ndani ya gunia.

Kalinga alikuwa seremala wa Kihehe, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kukata kwa msumeno mabamba ya asbesto ya kuezekea hospitali mpya, yale magumu ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa muhogo, na wanawake wa kambini walikuwa wamegundua kwamba likikorogwa na chokaa hushika ukutani vizuri ajabu. Basi mkewe, Verediana, alipokaribia kujifungua, Kalinga akamletea gunia zima. Verediana akasiriba chumba chote kwa viganja vyake, na mtoto wao, Lea, akazaliwa humo katika baridi ya Juni, dirisha limefungwa.

Kikohozi kilipomzidi nguvu, Kalinga alikwenda zahanati ya misheni. Sista Matilda, mwuguzi, alimsikiliza kifua, kisha akampangusa nywele kwa kitambaa kibichi. Zile zilizoonekana kama mvi zikatoka zote; lilikuwa vumbi.

"Mwanangu, vumbi hili likiingia mapafuni halitoki. Yaloweshe mabamba kabla hujayakata, fungua madirisha, na nguo za kazi usiingie nazo nyumbani."

Kalinga aliitikia, halafu akakumbuka. "Na likiwa ukutani, Sista? Nilikwangue?"

"Usithubutu! Ukilikwangua utalirusha hewani, mtoto alivute. Hameni, au lifunikeni vizuri, na ukuta huo usiguswe tena."

Kuhama kwenda wapi? Nyumba ilikuwa ya kazi; akiacha kazi, jioni hiyo hiyo wangekuwa barabarani na kichanga. Akamwendea msimamizi, Yunusu, mtu mwenye asili ya pwani aliyependa utani kuliko chakula.

"Bwana Yunusu, naomba nyumba nyingine."

"Kalinga! Wenzako wanalala kwenye masizi, wewe unalala ndani ya lulu. Unataka ipi tena, ya Gavana?"

"Basi niruhusu nifungue madirisha ya banda tunamokatia mabamba."

"Ili upepo wenu huu ulipeleke vumbi kwenye milango yangu yenye rangi mbichi? Ndoo ya maji chukua, hata mbili. Madirisha niachie."

Jioni ile Kalinga alivua nguo za kazi nje, akaziloweka, akaingia akitetemeka. Hakuegemea popote.

"Baba Lea, mbona umekaa katikati ya chumba kama mgeni?" Verediana akamwuliza.

Akamweleza yote. Verediana alivitazama viganja vyake, akamsogeza mtoto kutoka ukutani. Lakini kila alikomsogeza kulikuwa na ukuta mwingine.

Asubuhi walichota udongo mwekundu mtoni. Wakaulowesha ukuta polepole, bila kuukwaruza, wakausiriba tabaka juu ya tabaka mpaka weupe wote ukamezwa.

Jumapili ya ubatizo, majirani walishangaa. "Mama Lea, lulu yenu mmeipeleka wapi?" Verediana aliwaeleza, na wengine wakacheka.

Ambrosi, baba wa ubatizo, alikuwa ameleta msalaba wa mninga aliouchonga mwenyewe. Akashika nyundo na msumari, akauelekea ukuta uliokuwa juu ya kitanda cha mtoto. Kalinga aliruka akamkamata mkono.

"Usitoboe!"

"Ah, Joachim! Nyumba ya Mkristo, msalaba hauna pa kukaa?"

"Utakaa mezani, ndugu yangu. Nisamehe."

Msalaba ukalazwa mezani, kando ya chai. Wageni wakaimba, na Kalinga akaimba nao kadiri kifua kilivyomruhusu. Wimbo haujaisha, akauona karibu na dirisha ufa mpya, mwembamba kama unywele. Udongo ulikuwa umeanza kukauka.

Akasimama, akachukua ndoo, akatoka kufuata udongo mwingine.