Viberiti vya Choo, Shuleni Baraka

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini, niliteremka kutoka Fizi hadi Baraka na koti jeupe lililonipwaya na mfuko wa viberiti vitupu. Dokta, Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wa kazi za afya, alikuwa ameniambia: "Fundisha batoto kunawa mikono. Kisha leta choo yao, kila mutoto mu kiberiti yake. Mi nitaangalia minyoo mu mikroskopi."

Msicheke, wajukuu, kazi ndiyo hiyo. Minyoo ya safura humwingia mtoto kwa nyayo akitembea peku penye kinyesi, kisha hukaa tumboni ikimnyonya damu. Darasani alikuwemo Zaina, macho meupe kwa kupungukiwa damu, anasinzia asubuhi na kula udongo. Nilimwogopea sana.

Kesho yake viberiti vilirudi vyote vimejaa. Nilivipeleka Fizi huku nikijisifu njia nzima. Dokta akachungulia kimoja, kingine, kingine tena.

"Hii école, hii shule yote, iko na tumbo moja?"

Niliporudi Baraka, mwalimu ndiye aliyenieleza, akijishika mbavu. Bamama walikuwa wamekataza: choo cha mtoto hakitoki nyumbani, adui akikipata atamfunga tumbo kwa uchawi. Watoto, kwa kuogopa fimbo ya mwalimu, walimwendea mwenzao mmoja, naye akawagawia wote. Mkarimu yule!

Lakini Zaina je? Dokta hakutaka kusikia. "Ile dawa iko kali, inaweza kuua mutoto. Bila kuona minyoo, sitoi."

Nikambembeleza mpaka akashuka mwenyewe, na mikroskopi yake, kuongea na bamama. Aliongea, wakatikisa vichwa. Kisha Mama Zaina akasimama, akajitengeneza mtandio.

"Samahani, Dokta. Ya kwako iko wapi?"

Dokta akawa mwekundu. Akachukua kiberiti mfukoni mwangu, akaenda nyuma ya shule. Aliporudi alijipima mbele ya wote. Alikaa ameinamia mikroskopi muda mrefu, halafu akaangua kicheko.

"Bamama, hata mi niko nayo."

Uwanja mzima ukacheka. Mama Zaina akaomba kiberiti, akamshika binti yake mkono, wakaenda nyumbani. Jioni safura ya Zaina ilikuwa imeonekana.

Nimefundisha afya mpaka Kazimia, kwa picha na kwa nyimbo, hadi nikastaafu. Furaha ya siku ya dawa sijaipata tena. Zaina alikunywa yake bila kukunja uso. Dokta alibaki ameshika kikombe chake cha dawa, anakitazama tu, na Zaina akamsogelea.

"Kunywa, Dokta," akamwambia. "Mi niko hapa."