Jumamosi Niliyomtafsiria Mama

Harufu ya tofali kuukuu lililolowa mvua haifanani na ya tofali jipya. Ina ukungu, ina masizi, ina kitu kama jiko lililozimwa zamani. Juzi walikuwa wanabomoa nyumba katika uchochoro mmoja nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, mvua ikanyesha, nami nikasimama pale na mwavuli wangu mpaka mwenye pikipiki ya mizigo akanipigia honi nimpishe. Harufu ile ndiyo iliyojaa chumba cha Chama cha Historia na Mambo ya Kale cha wilaya yetu, na katika chumba hicho, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilimfanyia mama yangu jambo ambalo sikumweleza mtu kwa miaka mingi. Ninyi nitawaeleza.

Tuliishi mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, kule China, mimi na mama. Baba alibaki Tanga na duka lake. Mama alikuwa na chumba ghorofa ya pili, meza nne tu, na watu wa Dar na Mombasa waliotoka kununua nguo kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu walipanda ngazi kufuata pilau na chapati zake. Wachina walimwita laoban, yaani bosi, naye akicheka na kusema bosi gani huyu mwenye unga mpaka kwenye nyusi.

Mteja wake mmoja alikuwa Mwalimu Liang, mzee aliyestaafu kufundisha jiografia. Alipenda chapati kwa maharage, akila taratibu kama anayesahihisha daftari. Yeye na wazee wenzake wachache ndio waliokuwa chama chenyewe. Walikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa, rafu zimejaa vigae, matofali yenye mihuri na vipande vya vyungu, kila kimoja na karatasi yake. Nyumba ya zamani ikibomolewa, wao ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa. Mwaka ule walikuwa wanaandika kitabu cha mtaa, na Mwalimu Liang alitaka habari za wageni nazo ziwemo. Aliniomba nimlete mama Jumamosi, mimi niwe mkalimani.

Mama alifunga jiko siku hiyo, na mama hakuwa mtu wa kufunga jiko hata akiwa na homa. Alijifukiza udi, akavaa buibui lake la Idi, tukapanda ngazi za duka la dawa yeye mbele mimi nyuma.

Ndani nilimkuta Yating akimimina chai. Yating tulikaa dawati moja shuleni, na sikujua kwamba Mwalimu Liang ni babu yake. Nilikuwa nimemwambia kwamba mama ana kampuni kubwa, na kwamba tangu aje China hajapata kushika ufagio. Uongo wa kitoto, wa kushindana na watoto wenye wazazi wa maana.

Mwalimu Liang akauliza swali rahisi: mama alifikaje mtaani hapa? Mama akaanza, na alipoanza hakuharakisha. Alisema alikuja peke yake, mimi nikiwa bado Tanga, akaugua wiki ya kwanza, na hoteli ikamtoa. Bibi mmoja wa Kichina, mjane asiye na mtoto, alimkuta ameketi na begi lake mlangoni pake, akamwingiza ndani. Mama akakaa kwa bibi yule miaka miwili. Alimwoshea vyombo, akamfulia, akamkanda miguu iliyovimba. Bibi akamfundisha majina ya mboga na namna ya kukataa bei. Uani, nyuma ya jiko, palikuwa na bamba la jiwe lenye maandishi, limefunika kisima cha zamani, na juu yake ndipo walipokatia mboga wote wawili. Bibi akafariki mikononi mwa mama. Kisha nyumba ikabomolewa.

"Mwambie aandike jina lake," mama akaniambia, akalitaja. Akalitaja tena, polepole, kwa ulimi wake wa Tanga. "Hana mtu wa kumtaja ila mimi. Asante ya punda ni mateke, nasi si punda, mwanangu."

Nikamtazama Yating. Vyombo, kufulia, miguu iliyovimba. Nikamgeukia babu yake nikasema: mama anasema alikuja kwa biashara, akapanga chumba, na mtaa umeendelea sana.

Mwalimu Liang alinitazama kidogo, kisha akaandika mistari mitatu.

Tulipokuwa tukishuka ngazi mama akauliza, "Mbona kaandika kidogo?"

"Kichina ni kifupi, mama."

Akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema kweli elimu ni bahari.

Kitabu kilipotoka tulipewa nakala moja. Mama hakuweza kukisoma. Alikifunga kwenye kanga, na wageni wakija kula alikifungua kwenye ukurasa wetu, akiweka kidole juu ya mistari ile mitatu. "Humu yumo bibi yangu wa Kichina," akiwaambia. Nami nilikuwa nakwenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Mama alifariki Tanga, nyumbani. Baada ya arobaini nilirudi Guangzhou, ambako siku hizi, mtacheka, kazi yangu ni ukalimani. Nilimtafuta Mwalimu Liang. Yating amehamia mji mwingine, na chama kimebaki na wazee watatu. Nikamweleza Mwalimu yote.

"Nilijua," akasema. "Mama yako alisema mengi, wewe ukasema machache. Nilidhani ukikua utarudi."

Akavaa miwani, akachukua kalamu, nikaanza upya kuanzia hoteli. Nilipofika kwenye kisima aliacha kuandika. Kisima hicho yeye na wazee wenzake walikuwa wamekitafuta miaka mingi. Akanionyesha ramani, nikashindwa kuweka kidole popote, maana nilichosikia ni "nyuma ya jiko" tu, na majirani wa enzi ile walitawanyika, na mahali pote pale sasa ni ghorofa.

Kisha akaniuliza jina la bibi.

Nililisikia mara mbili, masikio yangu mawili yakiwa wazi, lakini macho yalikuwa kwa Yating. Nilidhani siku ile namsitiri mama. Kumbe mama hakuja kueleza habari zake hata kidogo. Alifunga jiko, akajifukiza udi, akapanda ngazi zile kwa ajili ya neno moja, na neno hilo ndilo nililolitupa.

Mwalimu Liang hakunilaumu. Aliandika sentensi mpaka pale jina lilipotakiwa kukaa, akaruka nafasi ya herufi tatu za Kichina, kiasi cha jina la mtu, akaendelea. Nafasi hiyo ipo mpaka leo.