Diski Nilichagua Mimi, Lawama Nikambebesha Mzee Mutua

Nianze kwa kujitukana mwenyewe, ili msipate shida ya kunitafutia jina. Mimi ni mjinga. Na si ule ujinga wa kutojua, huo una dawa. Wangu ulivaa tai na kutembea kifua mbele!

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kliniki ya kanisa, karibu na Majengo. Fundi nilikuwa peke yangu, kwa hivyo nikajiona mkubwa wa mafundi wote Eastlands. Mapokezi alikaa karani wetu, Mzee Mutua wa Shauri Moyo, mtu mpole, aliyeandika wagonjwa kwenye daftari miaka na miaka kabla kompyuta haijaingia pale. Alichapa kwa vidole viwili. Nilimdharau. Hata miwani yake iliyofungwa uzi niliidharau!

Kliniki ilipoamua kununua seva, ile kompyuta kubwa ya kutunza faili za wagonjwa wote, Sista Njeri, msimamizi wetu, alinipa kazi ya kuchagua diski. Akaniambia kwanza nimuulize Mwende, dada anayetengeneza kompyuta na kuuza chaja kwenye kibanda karibu na Gikomba.

Nikaenda shingo upande. Mwende hata hakuweka bisibisi chini.

"Mfumo wenu utakuwa unaandika vitu vidogo vidogo kila wakati," akaniambia. "Jina, presha, dawa. Diski ya kuzunguka itakimbizwa huku na huku mpaka ichoke. Weka SSD mbili za seva, zile diski zisizo na kitu cha kuzunguka ndani, moja iwe nakala ya nyingine. Na kontrola, kile kifaa cha kuziendesha diski, nunua yenye kumbukumbu yake na betri, usitegemee ile inayokuja na bodi ya kompyuta. Diski kubwa za kuzunguka wekea picha za eksirei."

"Dada, wewe uza chaja," nikamjibu, watu wakisikia. "Mambo ya seva waachie waliosoma."

Watu wakacheka. Nikafurahi sana! Afadhali ningejing'ata ulimi.

Unajua nilinunua nini? Diski nne kubwa za kurekodi kamera za ulinzi! Sababu? Nambari kwenye boksi ilikuwa kubwa. Mtu mzima, cheti ukutani, anadhani ukubwa wa diski ndio kasi yake. Ni kama kununua lori ukapeleke chapati nyumba kwa nyumba. Nikaziunganisha kwa kontrola ileile ya bodi, nikapiga picha, nikaiweka kwenye status.

Wiki ya kwanza ilipita, wagonjwa walikuwa wachache. Wiki ya pili ikaja siku ya chanjo. Benchi zikajaa akina mama na watoto. Mzee Mutua anaandika jina, skrini inaganda. Anangoja. Jina la pili, inaganda tena.

"Mzee, mbona unatuchelewesha?" mama mmoja akamfokea, mtoto analia mgongoni. "Tumefika hapa alfajiri!"

Nikaingia kwenye chumba cha seva, nikafungua vipimo. Prosesa imelala. Kumbukumbu ya kutosha. Diski zote nne zimeelemewa, asilimia mia, kazi zimepanga foleni ndefu kuliko ya akina mama.

Nilijua! Siku hiyohiyo nilijua.

Sista Njeri akanikuta mlangoni. "Shida ni nini?"

Ningesema tu, "Ni diski, Sista, nilikosea." Maneno manne matano! Badala yake nikasema, "Seva iko sawa. Ni mzee. Anabonyeza mara tatu tatu, mashine inachanganyikiwa."

Mzee Mutua akasikia. "Mimi hubonyeza mara moja tu, Sista," akasema polepole.

Nikacheka kwa pua. Huyo ndiye mimi.

Kila siku ya chanjo skrini ikiganda, nikarudia uongo uleule, mpaka ukawa ukweli wa kliniki nzima. Mwishowe mzee akatolewa mapokezi, akapelekwa stoo kuhesabu glavu. Akakaa siku tatu. Ya nne akaweka funguo mezani kwa Sista. "Kama nimekuwa mzigo, wacha nishuke mwenyewe."

Mahali pake akaja karani mpya, anachapa kama mvua juu ya mabati. Na skrini? Ikaganda vilevile!

Sista si mtoto. Akamwita Mwende bila kuniambia. Nikamkuta chumba cha seva, ameinamia zile diski.

"Sista, hizi ni za kamera," akasema. Hata hakuniangalia. Hata kunitukana kungekuwa kunipa heshima.

Wikendi hiyo akaweka SSD mbili na kontrola nzuri. Siku ya chanjo iliyofuata, kabla ya chai ya saa nne benchi zilikuwa tupu. Sista akasimama mapokezi, akatazama zile benchi, kisha akanitazama mimi.

"Na Mzee Mutua?"

Nilifutwa kazi siku hiyo, na nikasema moyoni, imechelewa.

Nilimfuata mzee Shauri Moyo. Yuko kwa kakake mchonga vinyago, anapiga msasa miiko ya mbao. Nikaomba msamaha, maneno mengi. Hakusimamisha mkono.

"Ulijua ni mashine?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya chanjo ya kwanza."

Akapuliza vumbi kwenye mwiko. "Basi usiniambie ulikosea. Kununua ndiko kulikuwa kukosea. Hayo mengine ulinifanyia ukijua."

Sista alimwomba arudi. Alikataa. Mamangu anasali kanisa moja na mke wa mzee, na siku hizi mama hukaa benchi ya nyuma, kwa aibu niliyomletea. Mimi hapo kanisani siendi tena.

Nyinyi mafundi wenzangu mnaotembea na vyeti kama medali, nawajua, nilikuwa mmoja wenu. Kwa seva yenye wengi wanaoandika kwa pamoja, usinunue nambari kubwa ya boksi. Uliza kazi ya diski ni nini, na kontrola gani inaiendesha. Mwenye kujua akikueleza, nyamaza usikie, hata kama anauza chaja.

Na mashine ikikwama, anza na kile ulichochagua wewe, kabla hujamwangalia aliyeketi mbele yake.