Neno Nililofungia Jedwali la Alama

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani mjini Kitui, na nilikuwa nimejifundisha kompyuta kwa kusoma kitabu kimoja cha maelekezo mara nne, mara ya kwanza bila kuwa na kompyuta. Saa ya chakula cha mchana wenzangu walienda kula. Mimi nilibaki nikitengeneza jedwali la alama za mtihani. Mwalimu anaingiza alama, jedwali linajumlisha na kumpa kila mwanafunzi nafasi yake darasani. Niliamua kuliuza, diski moja kwa shule moja.

Hofu yangu ilikuwa wizi. Sikuwa nimeuza hata diski moja, lakini wezi nilikuwa nimeshawahesabu. Niliandika leseni ya vifungu kumi na viwili. Cha tatu kilikataza kunakili. Cha nne, kuazima. Cha tano, kumwonyesha mtu wa shule nyingine, hata kama amekuja kusalimia tu. Kisha nikafunga fomula zote kwa neno la siri.

Neno hilo nililitafuta wiki mbili. Jina la binti yangu wa kwanza ni la mama yangu, kama ilivyo desturi Ukambani, kwa hiyo yeyote angelikisia. Nikaona neno salama ni lile ambalo mdomo wangu hauwezi kulitoa hata kwa bahati mbaya: jina la mama mkwe. Kwetu kuna nthoni, heshima inayomzuia mwanamume kumtaja mama wa mkewe. Hata binti yangu wa pili, aliyepewa jina hilo, mimi humwita Mama tu. Nilijipongeza sana.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa shule ya wasichana karibu na Tawa, ambako mpiga chapa alikuwa binamu ya mke wangu. Mwalimu mkuu alivumilia vifungu vyote, akatia sahihi na muhuri.

"Kuna mwingine anayeweza kulifungua?"

"Hakuna. Labda nife."

"Basi usife muhula huu."

Siku ya wazazi alinipigia simu ofisini.

"Bwana, wazazi wameketi hapo nje. Kidato cha pili kina wasichana arobaini na mmoja. Jedwali lako linatoa nafasi arobaini."

Ni kweli. Mfano wa kitabuni ulikuwa na mistari arobaini, nami sikuona sababu ya kubishana na kitabu.

"Aliyeachwa amehamia kwetu juzi. Alama zake zinawapita wote, na mama yake ametembea tangu alfajiri. Nimwambie nini?"

"Si mumwandike kwa kalamu, Mwalimu?"

"Nimweke mgeni juu ya arobaini kwa kalamu? Nimeshawaambia wazazi nafasi zinatolewa na kompyuta, hakuna mkono wa mtu. Nipe hilo neno."

"Neno ni..." Mdomo ukakataa. Nilijaribu kulitaja herufi moja moja. Hata ya kwanza haikutoka. "Ni jina la mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mzima."

Mpiga chapa akachukua simu. "Shemeji, ni mke wako?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Ni shangazi?"

Shangazi yake ndiye mama mkwe wangu. Nikakohoa. Nikasikia kicheko, kisha vibonye vikigongwa.

"Imefunguka! Haya, sasa nifanye nini?"

Nikamwelekeza anakili fomula hadi mstari wa arobaini na moja. Ndiyo, anakili. Akauweka mkono wa simu mezani, nami nikaendelea kusikiliza. Printa ililia, mlango ukafungwa, na kwa mbali mwalimu mkuu akasoma jina la wa kwanza. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele peke yake, kabla wengine hawajamfuata. Nilisimama pale na simu sikioni, mwandishi wa vifungu kumi na viwili, nikifuta macho.

Mwezi uliofuata tulienda kwa wakwe. Mama mkwe alikaa chumba cha pili, kama nthoni inavyotaka, akamtuma mke wangu aniulize kama lile neno bado linafungua vizuri. Nikamtuma arudi na jibu kwamba nimeweka jipya, la tarakimu, na mistari sasa ni mia moja.

"Anasema," mke wangu akarudi na kuniambia, "lake lilikuwa halina kasoro. Kasoro ilikuwa mistari."