Kompyuta Iliyomkataa Nohora Peña

Kompyuta mpya ilipokataa kufungua programu yake asubuhi ya Jumatatu, Nohora Peña hakusema imeharibika. Alisema hapa kuna mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe alikwishamjua kabla hajamaliza kuvua koti.

Ndivyo alivyokuwa tangu ujana. Haamini mlango umefungwa mpaka ausukume. Mtindi wake kwenye friji ya ofisi aliuchorea mstari kwa kalamu, ajue kama umepungua. Ukimsifia blauzi, atakuuliza unataka nini. Sisi watu wa Facatativá, mji wa mashamba ya maua huko Kolombia, tuna maneno laini, tafadhali na samahani hazikauki midomoni mwetu, na Nohora aliuona ulaini huo kuwa ni njia ya kuibiwa huku unatabasamu. Lakini msimcheke sana. Miaka mingi alisimama kwenye ukumbi wa kuchambulia maua ya waridi, vidole vimepasuka kwa miiba na maji baridi, jioni anakwenda kusoma na mikono imefungwa plasta. Mwisho akaandika kwa akili yake programu ya kugawa maagizo: masanduku mangapi yapande ndege ipi, maua gani yakatwe leo na yapi yangoje kesho. Aliiita Mkasi. Mkasi ndio uliompandisha ofisini, na alijua fika kwamba Mkasi ukifa, atarudi kwenye maji baridi.

Sasa Februari ilikuwa inabisha hodi, wakati wapendanao wa dunia nzima wanapotaka waridi siku moja, na Mkasi haufunguki. Meneja, doña Fabiola, hakupindapinda maneno: kama hadi Ijumaa haujakubali, shamba litanunua programu ya watu wengine.

Kila Nohora alipobonyeza, dirisha lake la kuandikia programu lilimjibu kwa maandishi mekundu kwamba mkalimani hapatikani. Huyo mkalimani ndiye anayesoma mistari aliyoandika mtu na kuieleza mashine kwa lugha inayoielewa. Nohora alikuwa amemsakinisha mwenyewe. Akifungua folda yake, ile iliyopewa jina lake zima, anamwona yuleyule, katulia. Mashine inasema hayupo.

"Hayupo vipi na mimi namwona?" akainong'oneza skrini. "Nani kakufundisha uongo, wewe?"

Aliyeileta kompyuta hiyo na kuiandaa alikuwa Evelio Ariza, fundi wa kompyuta wa shamba, mtu wa tumbo la kiasi na mluzi usiokatika. Tena hakuwa mtu baki. Alimsimamia binti wa Nohora ubatizo, na tangu siku ile wakawa wanaitana compadre na comadre, watu waliounganishwa na mtoto mmoja. Nohora akamwita.

Evelio akaketi, akaingia kwa jina lake na nenosiri lake. Mkasi ukafunguka bila kinyongo, maagizo yakajipanga.

"Haya, comadre. Mbona inafanya kazi?"

"Toka hapo nikae mimi."

Akakaa, akaingia kwa jina lake yeye. Maandishi mekundu.

"Ajabu hii," Evelio akasema huku akikuna kichwa. "Kwangu inakubali."

"Kwako inakubali, kwangu inakataa. Hii ni kompyuta au mbwa, inamjua bwana wake?"

"Labda bado haijakuzoea, comadre. Hata mimi ulinichukua miaka."

Akacheka peke yake. Nohora alikuwa anatazama jinsi vidole vyake vinavyopita haraka juu ya vibonye, na jinsi mgongo ule mpana unavyoziba skrini. Mtu asiye na la kuficha anaziba nini?

Alipobaki peke yake akaanza upelelezi. Alifungua orodha ya wakalimani waliomo ndani ya mashine akakuta watatu. Yeye kasakinisha mmoja, hawa wawili ni wageni wa nani? Akampigia Evelio simu, naye akamweleza kwamba mmoja huja na kompyuta yenyewe na mwingine ni toleo la zamani lililobaki. Maelezo yalinyooka mno, na kunyooka kwenyewe kukamtia shaka zaidi. Akawafuta wote, akasakinisha mmoja upya. Mekundu. Akaijenga upya folda ambamo mkalimani hukaa na vifaa vyake. Mekundu. Akaiandikia mashine kwa mkono njia yote ya kumfikia mkalimani, hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani. Mekundu tena, na safari hii akaisoma ile sentensi ndefu ya kosa mpaka mwisho wake.

Hapo ndipo alipoziona. Katikati ya njia ile, baada ya jina lake la kwanza, palikuwa na alama mbili za ajabu, moja kama A iliyovaa kofia, nyingine haisomeki kabisa. Yeye hajaziandika, na hajawahi kuziona maishani.

"Ahaa," akasema. Moyo ulimwenda mbio kwa hofu na kwa furaha, maana mtu anayeshuku kwa muda mrefu hufurahi akipata. Kuna mtu kaingia humu, akaacha nyayo. Akazipiga picha kwa simu.

Baada ya hapo kila kitu kikajipanga chenyewe. Si juzi tu alimwona Evelio kantini na wauzaji wa ile programu ya watu wengine, anakula almojábana zao, vimkate vya jibini vya moto, na kucheka kwa sauti? Si yeye aliyemuuliza, "Comadre, hivi hujachoka na Mkasi?" Mchana Evelio alipomwekea mezani nusu ya mkate wake wa jibini, kama siku zote, Nohora aliunusa, akausogeza mbali kwa ncha ya kalamu.

Alhamisi akaenda kwa meneja.

"Doña Fabiola, mimi simtaji mtu," akasema, kisha akamtaja. Akatoa simu, akaonyesha picha. "Alama hizi si zangu. Aingiapo yeye, mashine inafunguka. Niingiapo mimi, inafunga. Mwenye funguo zote za kompyuta hapa ni nani?"

Doña Fabiola hakuwa mtaalamu wa mambo hayo, na Februari ilikuwa imemkaba koo. Hakutaka kubahatisha. Kabla ya chakula cha mchana Evelio alinyang'anywa funguo na nenosiri, akaambiwa akangoje nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alipita mbele ya vioo vya ofisi na koti mkononi, watu wote wanatazama. Akasimama kwenye meza ya Nohora.

"Comadre, umesema nini huko ndani?"

"Nimesema nilichokiona."

"Na si ungeniuliza mimi kwanza?"

Nohora akajitia anatafuta kitu kwenye droo mpaka Evelio akaondoka.

Mchana ule akaanza kuusafisha Mkasi. Alitaka kuutoa wote katika folda iliyochezewa, auhamishie mahali ambapo Evelio hajawahi kugusa. Akafungua folda mpya nje kabisa, akaiita mkasi, akanakili kila kitu, akabonyeza. Mkasi ukafunguka.

Alipiga meza kwa kiganja. Nilisema mimi! Lakini Nohora ni Nohora, haachi mlango bila kuusukuma. Akataka ushahidi kamili, aone uchawi ulifungwa wapi hasa. Akaibadili folda jina, akaiita Nohora. Ikafunguka. Akaiita Nohora Peña, kama ile ya kwanza.

Maandishi mekundu, na ndani yake zile alama mbili.

Akatazama vidole vyake, akatazama nyuma yake. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine aliyegusa kibonye. Akafuta herufi moja tu, ile n yenye kiwimbi kichwani, isomwayo kama ny ya nyanya, akaweka n tupu. Mkasi ukafunguka. Akalirudisha lile wimbi, ukakataa. Mahali fulani ndani ya mashine kilikuwemo kipande kilichotengenezwa na watu wasio na herufi hiyo, na kila kilipoikuta kiliipasua vipande viwili na kupotea njia. Evelio alifunguliwa kwa sababu Ariza haina wimbi.

Kompyuta zote za ofisi ile zilikuwa na majina ya namba. Hata yake ya zamani iliitwa ofisi ya pili. Hii mpya tu ndiyo Evelio aliiandika jina zima, kwa herufi kubwa na wimbi lake mahali pake. Kule ukumbini Nohora alikuwa namba iliyoshonwa kwenye aproni. Hakuna kitu katika shamba lile kilichowahi kuandikwa jina lake mpaka compadre wake alipokiandika. Alipomkabidhi alimwambia, "Hii ni yako, comadre, wewe na si mwingine," na Nohora akamuuliza anataka nini. Akikumbuka hilo, aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Akarudi kwa meneja kwa miguu mizito.

"Nilikosea. Si Evelio. Ni jina langu."

"Jina lako limefanya nini?"

"Lina herufi ambayo mashine haiijui. Zile alama ndizo hiyo herufi."

"Kwa hiyo ulinionyesha picha ya jina lako mwenyewe, ukaniambia ni nyayo za mwizi?"

"Ndiyo, doña Fabiola."

Ijumaa Evelio akarudishwa. Aliingia bila mluzi. Nohora alikuwa amemmiminia kahawa nyeusi na kuiweka pembeni ya kibodi. Jina la mwenye kompyuta halirekebishiki kwa kufuta herufi, inabidi afunguliwe ukurasa upya kama mtu mgeni, na funguo za kazi hiyo zilikuwa za Evelio. Akaketi, akafungua ukurasa mtupu.

"Niandike jina gani, señora?"

Neno hilo, la kumwitia bibi usiyemjua, lilimchoma. "Compadre, mimi..."

"Nina kazi nyingine zinaningoja, señora. Jina."

Peña ikivuliwa wimbi lake hubaki pena, na pena kwetu ni aibu. Ndilo neno tunalolisema tukimkanyaga mtu mguu au tukimkosea: pena yangu kwako. Evelio alilijua hilo kama Nohora alivyolijua.

"Naweza kuandika ofisi ya pili, kama zamani," akasema.

"Hapana. Andika Pena."

"Bila wimbi?"

"Bila wimbi. Kila anayepita hapa alisome."

Evelio akaliandika polepole, herufi baada ya herufi. Kisha akabonyeza, Mkasi ukafunguka, na chini ya skrini yakatokea maneno madogo ya kijani: hakuna kosa. Akainuka, akachukua koti lake, akatoka bila kuigusa kahawa.